Kibali ni cha Watu Wawili: Hotuba katika Siku ya Kimataifa ya Waongoza Ndege

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wageni waalikwa, ndugu waongoza ndege wa vituo vyote vilivyowakilishwa hapa, ndugu marubani, walimu na wanafunzi wa fani ya usafiri wa anga, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa kuzungumza juu ya kutoelewana kati ya mwongoza ndege na rubani katika suala la vibali, na waandaaji wameniachia uhuru wa kuchagua pa kuanzia. Nitaanzia Nairobi, tarehe 3 Septemba 1974.

Siku hiyo ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa ikishuka kuelekea kiwanja cha Embakasi, ambacho leo tunakiita Jomo Kenyatta. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Waliokuwa katika chumba cha marubani walielewa futi 5,000, wakaendelea kushuka kwa namba hiyo. Kila aliyewahi kufanya kazi Nairobi anajua kwamba kiwanja chenyewe kiko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo marubani hawa, wenye leseni zote na uzoefu wote, waliamini kwamba wameruhusiwa kushuka hadi kimo kilicho chini ya ardhi waliyokuwa wanakwenda kutua. Walipoiona ardhi ilikuwa imeshafika miguuni, wakainyanyua ndege na kupaa tena, na uchunguzi ulionyesha kwamba walipofika chini kabisa walikuwa wamebakiza futi 70 hivi, yaani futi chache tu zaidi ya kimo cha mkia wa ndege hiyo inapokuwa imeegeshwa.

Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo sababu tukio hili halisimuliwi sana hata na sisi ambao lilitokea kwetu. Mimi nalipenda kwa kufundishia kwa sababu moja. Futi 5,000 si namba ya kipuuzi. Ingetolewa Dar es Salaam au Mombasa, isingemshtua mtu yeyote, kwa kuwa huko unashuka kuelekea usawa wa bahari. Namba hiyo inakuwa ya hatari pale tu unapoiweka juu ya ramani ya Nairobi, na kuiweka juu ya ramani ni kazi ambayo rubani yeyote angeifanya bila shida kama namba ingekuwa ni wazo lake mwenyewe. Lakini ilikuja katika sura ya kibali. Kibali humfanya anayekipokea aamini kwamba kuna mtu mwingine, mwenye rada na ramani mbele yake, ambaye ameshalifikiria jambo hilo, na upande wa pili mwongoza ndege naye anaamini kwamba rubani, mwenye altimita, yaani kipimo cha kimo, na dirisha mbele yake, hawezi kukubali kitu kisichowezekana. Kila mmoja anamwekea mwenzake dhamana ya akili, na katikati yao namba isiyo sahihi inapita bila kuulizwa na mtu.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayoyataja ni ushahidi wake. Kibali hakitolewi na mtu mmoja kikapokewa na mwingine. Kinatengenezwa na wawili, na wakati wa hatari kuliko wote ni pale kila mmoja anapodhani kwamba mwenzake ameshamaliza kazi ya kukihakiki.

Tukumbushane kwanza kinavyofanya kazi. Mwongoza ndege hamwelekezi rubani jinsi ya kuirusha ndege. Anamhakikishia kwamba kipande fulani cha anga, au cha lami, ni chake kwa wakati fulani na kwa masharti fulani: apite njia ipi, akae kimo kipi, aishie wapi. Usalama wote unategemea watu wawili wasioonana kuwa na picha moja ya kipande hicho, na picha yenyewe inasafiri kwa sauti, kupitia redio ambayo mtu mmoja tu anaweza kuitumia kwa wakati mmoja, wala haimwachii rubani kumbukumbu yoyote zaidi ya kile alichokiandika kwenye karatasi au alichokiweka kwenye mtambo wake. Ndiyo maana kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinamtaka rubani arudie kwa sauti kibali cha njia, kimo, mwelekeo, kasi, kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kuwekea altimita, msimbo wa transponda (mtambo unaoitambulisha ndege kwenye rada), na kila ruhusa inayohusu kuingia, kuvuka, kutua, kuruka au kusubiri kando ya njia ya kurukia ndege. Kanuni hizo hizo zinamtaka mwongoza ndege ayasikilize marudio hayo na kurekebisha papo hapo chochote kilichokosewa.

Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo tunaifundisha vizuri sana. Mwanafunzi wa urubani anakaririshwa kurudia mpaka anaota akirudia. Nusu ya pili tunaichukulia kana kwamba inajifanya yenyewe, eti mtu mwenye masikio mawili na redio nzima hawezi kushindwa kusikia. Hebu tumtazame mwongoza ndege kazini katika saa ya msongamano. Anatoa kibali. Anaachia kitufe cha redio, na papo hapo mkono wake unaandika kwenye kikaratasi anachowekea kumbukumbu za ndege hiyo, jicho linahamia kwenye ndege inayofuata, simu ya kituo jirani inalia kwa ajili ya makabidhiano, na ni katika sekunde hizo hizo, wala si baadaye, ndipo rubani anaporudia kibali. Mwongoza ndege anakuwa kama mwenye duka anayepokea hela huku akizungumza na mteja wa pili: anaisikia sauti, anautambua mdundo wa sentensi, anasikia idadi ya tarakimu inayolingana na aliyoitoa, na anaridhika. Alichokisikia ni kibali chake mwenyewe, kilichobaki kichwani mwake tangu alipokitamka. Rubani naye yuko katika hali hiyo hiyo upande wake: ameshaisafiri njia hii mara nyingi, anajua kwamba hapa kwa kawaida hushushwa hadi kimo fulani, na masikio yake yanakipokea kimo hicho hata siku ambayo kimetajwa kingine.

Sasa niruhusuni nikae kwa muda katika ajali ambayo haikwepeki katika mada hii. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililotegwa na kundi la wapigania kujitenga kwa Visiwa vya Canary lililipuka katika kiwanja cha Gran Canaria, na ndege nyingi zikaelekezwa kwenye kiwanja kidogo cha Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife. Kiwanja hicho kilikuwa na njia moja ya kurukia, na njia ya pembeni ya kutembezea ndege ilikuwa imezibwa na ndege zilizoegeshwa, kwa hiyo ndege iliyotaka kuondoka ililazimika kutembea juu ya njia ya kurukia yenyewe hadi mwisho, igeuke, ndipo iruke. Miongoni mwa zilizokuwa zikisubiri ni Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan American ya Marekani. Kiwanja kilipofunguliwa upya kule Gran Canaria, ukungu ulikuwa umeshuka Tenerife. Kutoka mnarani njia ya kurukia haikuonekana, na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini haikuwapo.

KLM ilitangulia hadi mwisho wa njia na kugeuka. Pan American ilifuata nyuma yake juu ya njia hiyo hiyo, ikiwa imeelekezwa itoke kwa kiungio, yaani njia ya kutokea pembeni, cha tatu kushoto, lakini katika ukungu marubani wake walikipita kiungio hicho. Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa mkuu wa mafunzo ya Boeing 747 katika shirika lake, na ndiye aliyemtahini rubani msaidizi aliyekaa pembeni yake. Alipoanza kuongeza nguvu za injini, msaidizi wake alimkumbusha kwamba bado hawajapewa kibali. Nahodha akamwambia anajua, aombe. Msaidizi akaomba vyote viwili kwa mkupuo, ruhusa ya kuruka na kibali cha njia, na mnara ukajibu kimoja: kibali cha njia ya kupita baada ya kuruka, kupanda hadi kimo fulani, na kukata kulia baada ya kuruka.

Naomba tulitazame jibu hilo kwa karibu. Lilikuwa kibali halali, kamili, kilichotolewa kwa utaratibu wa wakati huo. Halikuwa ruhusa ya kuruka. Lakini ndani yake mlikuwa na neno "kuruka", na lilipokewa na mtu aliyekuwa na haraka, ambaye muda wake wa kazi kisheria ulikuwa unakaribia kwisha, na ambaye mguu wake ulikuwa juu ya breki. Wakati msaidizi bado anarudia kibali, nahodha aliachia breki. Msaidizi akamalizia marudio yake kwa maneno ya Kiingereza yenye utata, ambayo yangeweza kumaanisha kwamba wako tayari mahali pa kuruka, au kwamba ndiyo wanaruka. Mwongoza ndege akayachukua kwa maana ya kwanza. Akajibu "OK", akasita kidogo, kisha akasema wasubiri, atawaita.

Hapo ikaingia fizikia ya redio. Redio za anga hutumia mfumo ambao vituo viwili vikizungumza kwa wakati mmoja, anayevisikiliza anapata mluzi mkali badala ya maneno. Marubani wa Pan American, waliposikia mazungumzo hayo na kuingiwa na wasiwasi, walibonyeza kitufe chao ili kusema kwamba bado wako juu ya njia ya kurukia, wakati ule ule ambapo mnara ulikuwa unaiambia KLM isubiri. Sentensi mbili, ambazo kila moja peke yake ingeweza kuisimamisha KLM, zilikutana hewani na kugeuka mluzi wa karibu sekunde 4. Kilichofika wazi katika chumba cha marubani wa KLM ni ile "OK".

Bado ilikuwapo nafasi moja. Mnara uliiambia Pan American itoe taarifa itakapokuwa imetoka, na Pan American ikajibu kwamba itafanya hivyo. Mhandisi wa ndege ya KLM, aliyekaa nyuma ya marubani wawili, aliyasikia hayo na kuuliza kama yule wa Pan American bado hajatoka. Nahodha akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Mhandisi hakuuliza zaidi. Watu 583 walikufa. Katika ndege ya KLM hakupona hata mmoja, na katika ile ya Pan American walipona 61.

Wachunguzi wa Hispania waliweka uzito kwa nahodha aliyeruka bila ruhusa, na Waholanzi wakajibu kwamba kulikuwa na kutoelewana kwa pande zote, kwa maneno yaliyoruhusu tafsiri zaidi ya moja. Mimi sioni kwamba hoja hizo mbili zinapingana. Nahodha hakuwa na ruhusa, hilo ni kweli. Na pia ni kweli kwamba kila mtu katika masafa yale alisema kitu ambacho yeye mwenyewe alikielewa vizuri. Ukitaka kumpata mwenye kosa utampata, na utafunga jalada, lakini kesho yake mtu mwingine atasema sentensi ile ile yenye maana mbili.

Hatua iliyochukuliwa baadaye ilikuwa ya kiufundi, na ndiyo maana imedumu. Neno la Kiingereza "takeoff" lilitengwa: linatamkwa tu pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa, inaporudiwa au inapofutwa, na mahali pengine popote, katika kibali cha njia au katika kumuuliza rubani kama yuko tayari, linatumika neno "departure". Wanafunzi mnaochoka na usahihi huu, na najua mpo, mjue kwamba kila neno lililokatazwa katika kitabu chenu lilishawahi kueleweka vibaya na mtu ambaye hakuwa mjinga.

Yule mhandisi wa ndege ananisumbua zaidi kuliko wengine wote. Aliuliza swali sahihi, kwa wakati sahihi, kwa lugha yake mwenyewe, akamuuliza mtu aliyekuwa umbali wa mkono. Kilichomnyamazisha ni cheo na sifa ya aliyejibu. Sisi tumelelewa katika jamii ambazo mdogo hamrudii mkubwa swali alilokwishajibiwa, na malezi hayo yana uzuri wake nyumbani na msikitini na kanisani. Katika chumba cha marubani na mnarani lazima yapewe mipaka, na mwenye wajibu wa kuiweka mipaka hiyo ni mkubwa mwenyewe, kwa kumwambia mdogo kabla ya safari kwamba anatarajia kuulizwa mara ya pili. Mdogo hawezi kujipa ruhusa hiyo peke yake. Mafunzo ya ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege, ambayo sasa kila rubani wa abiria huyapitia, yalizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuenea katika miaka ya 1980 kwa sababu ya ajali za namna hii.

Nipite haraka katika mifano ya namba, kwa kuwa inafanana. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, Boeing 747 iliyotoka Singapore, ilikuwa ikikaribia kiwanja cha Subang, Kuala Lumpur. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke futi 2,400, akazitamka tarakimu moja moja kwa Kiingereza: "two four zero zero". Katika masikio ya nahodha ile "two" ya mwanzo ikawa "to", yaani "hadi", na kilichobaki ni futi 400. Akajibu "OK, four zero zero". Marudio yalikuwa pungufu kwa tarakimu nzima na hayakurekebishwa. Mtambo wa kutahadharisha ukaribu wa ardhi ulilia na haukusikilizwa, maana waliamini wana kibali. Ndege ikagonga kilima na wote 4 waliokuwamo wakafa. Utamkaji wa mamia na maelfu, ambao ICAO inautaka kwa vimo vya namna hiyo, ungeacha nafasi ndogo zaidi ya kukosea, kwa kuwa "elfu mbili na mia nne" haiwezi kumezwa nusu yake na neno la jirani.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba dawa ni marudio yaliyo kamili na sikio lililo macho. Ningependa iwe hivyo. Lakini tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ndogo ya Walinzi wa Pwani wa Japani iliyokuwa inapeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la ardhi la siku iliyotangulia iliambiwa kwamba ni namba moja, na kwamba iende hadi kituo cha kusubiri kinachoitwa C5. Rubani akarudia: kituo cha kusubiri C5, namba moja, asante. Marudio hayakuwa na kasoro. Kisha ndege ikapita kituo hicho, ikaingia kwenye njia ya kurukia na kusimama hapo kwa kama sekunde 40, mpaka Airbus A350 ya Japan Airlines ilipotua juu yake. Watu 379 wa ndege kubwa walitoka wote wakiwa hai kabla haijateketea. Katika ndege ndogo walikufa 5 kati ya 6, na nahodha wake aliyepona alisema kwamba aliamini ameruhusiwa kuingia.

"Namba moja" kwa mwongoza ndege ilimaanisha kwamba wewe ni wa kwanza kwenye foleni ya kuondoka. Kwa rubani mwenye safari ya dharura yaelekea ilimaanisha kwamba amepewa kipaumbele. Mamlaka za Japani ziliacha kwa muda kuwatajia marubani nafasi yao kwenye foleni, na zikaweka mtu wa kutazama muda wote skrini inayoonyesha njia ya kurukia iliyovamiwa, kwa sababu onyo lilikuwapo kwenye skrini lakini hakuna aliyeliona. Mimi ninachokichukua kutoka Haneda ni kwamba marudio yanapima maneno, hayapimi maana. Neno la ziada linaloongezwa kwa nia njema, ili rubani asichoke kusubiri, linaweza kuwa ndilo pekee atakalolisikia. Kwa hiyo waongoza ndege, mkishatoa maelekezo ya kusubiri, msiyapambe.

Suala la lugha huwa linaulizwa kila ninapozungumza, nami nitalijibu mapema. Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb, ndege ya British Airways aina ya Trident na DC-9 ya shirika la Inex-Adria la Yugoslavia ziligongana angani na watu 176 wakafa. Mwongoza ndege, aliyekuwa amezidiwa na kazi, katika sekunde za mwisho aliizuia DC-9 isiendelee kupanda, lakini kwa lugha yao ya nyumbani badala ya Kiingereza. Ndege ilikuwa tayari inakikaribia kimo cha Trident, ikatulia papo hapo, katika kimo kile kile cha futi 33,000. Marubani wa Trident, ambao maneno hayo yaliwahusu kwa uhai wao, hawakuweza kuyaelewa. Tangu tarehe 5 Machi 2008 ICAO imewataka marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa wafikie angalau daraja la 4 kati ya 6 la umahiri wa lugha ya redioni, na nchi zilizohitaji muda zaidi ziliongezewa hadi 2011.

Nazungumza nanyi kwa Kiswahili leo kwa furaha, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kwamba nakidharau. Lakini masafa ya redio ni baraza la wazi: rubani wa tatu, ambaye hakuna aliyemwita, anajenga picha ya anga kwa kuwasikiliza wenzake. Wakati mwingine katika safari zetu za ndani, baina ya watu wanaofahamiana, salamu ya Kiswahili inapanuka taratibu na kuwa nusu ya maelekezo, na mgeni anayetua Zanzibar au Mombasa saa hiyo hiyo anabaki gizani. Salamu haina madhara. Kimo na njia ya kurukia vibaki katika lugha ambayo wote walio kwenye masafa wanaielewa. Na Kiingereza chenyewe cha redioni si kile cha kujivunia. Anayekizungumza tangu utoto mara nyingi ndiye anayekwenda kasi kupita kiasi na kutumia misemo ya kwao, na mwongoza ndege wetu ana haki kamili ya kumwambia aseme tena, polepole, kwa maneno ya kitabuni. Kuuliza si ujinga, na redioni halipo swali la aibu.

Mtaniuliza pia kama teknolojia haitamaliza tatizo hili. Kwa sehemu, inalipunguza. Ujumbe wa maandishi kati ya mwongoza ndege na rubani, unaotumika hasa katika anga za juu na juu ya bahari, unaondoa mluzi, lafudhi na tarakimu zilizomezwa. Rada za kisasa zinaweza kumwonyesha mwongoza ndege kimo ambacho rubani amekiweka kwenye mtambo wake, kwa hiyo asikie "saba", aone tano, na aulize kabla ndege haijashuka. Ingekuwapo Nairobi mwaka 1974, mazungumzo yangeishia hapo. Hata hivyo maandishi hayana nafasi katika dakika za mwisho kabla ya kutua, wala mnarani wakati ndege tatu ziko lami moja, na mtu anaweza kusoma anachokitarajia kama anavyosikia anachokitarajia.

Mapendekezo yangu ni machache, na sikuyapanga kwa uzito. Tarakimu za kimo zisichanganywe na za mwelekeo na kasi katika sentensi moja ndefu. Maelekezo matatu kwa pumzi moja ni mengi, hasa kwa rubani anayekuja mara ya kwanza. Kibali kinachobadilika kitolewe ndege ikiwa imesimama, si wakati rubani mmoja anatembeza ndege na mwingine anatafuta kalamu. Marubani waache kujibu "sawa" au kubonyeza kitufe mara mbili badala ya kurudia. Katika viwanja vyetu vya nyanda za juu, Nairobi, Kigali, Entebbe, Addis Ababa, kila rubani awe ameandika mbele yake, kabla ya kuanza kushuka, kimo ambacho hatakwenda chini yake hata akiruhusiwa, na ruhusa yoyote iliyo chini ya hapo iwe ni swali la kumrudishia mwongoza ndege. Na vyuo vipime usikivu wa mwongoza ndege kama vinavyopima utamkaji wake, kwa kumtilia makosa ya makusudi katika marudio wakati mikono yake ina kazi, na kuhesabu ni mangapi aliyoyakamata.

La mwisho linahusu mchana huu. Kwa muda mrefu marubani wamesikiliza rekodi za matukio katika vikao vyao na waongoza ndege katika vyao, kila upande ukitoka na uhakika kwamba mwenzake ndiye aliyekosea. Mwenyekiti amekubali kwamba baada ya chakula tusikilize pamoja rekodi za mafunzo, zilizoondolewa majina na namba za ndege, katika ukumbi wa pili. Tumepanga marubani wakae kwenye meza zenye vikaratasi na waandike kama waongoza ndege, na waongoza ndege wakae kwenye viti viwili viwili, mmoja akirudia na mwenzake akiweka namba kwenye mtambo. Tutaanza saa 8 kamili.

Asanteni kwa kunisikiliza.